Jina Lililosomwa kwa Sauti ya Chini

Juzi kijana mmoja anayekodisha muziki kwenye maharusi alikuja nyumbani kwangu na spika iliyopasuka. Tukiwa tumeinama juu yake akaniuliza, "Babu, katika miaka yako yote ya kazi, shughuli gani ilikutoa jasho?"

Nikamjibu, "Dakika moja ya kimya, Siku ya Mashujaa."

Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Kimya kina kazi gani, babu? Si unazima mashine tu?"

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo hivyo, tena nikazima kweli, na mzee mmoja mwenye medali kifuani akalala chini kifudifudi mbele ya mkuu wa mkoa. Nitawaeleza. Nyie vijana mnaoingia kwenye kazi ya sauti mna mashine nzuri kuliko zetu, lakini kuna mambo ambayo mashine haina pa kuyaandika.

Nilianza kazi kama dereva wa gari la matangazo, lile lenye spika mbili za honi juu ya paa. Fundi wake alikuwa Mzee Shabani, mtu mwembamba, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na kitambaa cheupe mfukoni cha kufutia maiki. Yeye anatangaza, mimi naendesha. Mkuyuni siku ya gulio, Mzinga saa ya watu kutoka kazini, Turiani hadi kwenye mashamba ya miwa. Siku moja huko Turiani koo lilimkauka akanipa maiki niendelee. Nilikuwa na karatasi mbili, moja ya chanjo ya watoto, nyingine ya chanjo ya kuku. Kesho yake asubuhi kina mama thelathini hivi walijipanga mbele ya zahanati, kila mmoja na kuku kwapani. Mganga alinitazama kwa muda mrefu sana. Mzee Shabani alikaa ndani ya gari, kafunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika kwa kucheka.

Ndivyo alivyoanza kunifundisha. Alisema mtu mwenye uwezo wa kuwaleta kina mama thelathini na kuku wao ana kipaji, kinachokosekana ni adabu tu. Adabu yake ilikuwa hivi. Maiki haipulizwi kama chai ya moto, inakunwa kidogo kwa kucha. Waya haulazimishwi, unaukunja upande ambao wenyewe unataka kulala. Ukifika uwanjani, kabla hujashusha hata boksi moja, simama katikati upige kofi mara moja, usikilize kofi lako linakwenda kufia wapi. Huko ndiko usikoelekeza spika. Leo mnapima kwa simu. Sawa, pimeni, lakini pigeni na hilo kofi.

Sasa Siku ya Mashujaa. Inaangukia mwezi wa saba, wakati baridi imeshuka mjini na milima ya Uluguru imejifunika ukungu hadi kiunoni. Tulikuwa tunafika alfajiri. Uwanja mtupu, viti vimelowa umande, na ukungu unashuka polepole kama umekuja nao kuhudhuria. Wazee waliopigana vita walikuwa wanatokea humo mmoja mmoja, kwanza fimbo, halafu koti, halafu uso. Kila mwaka nilikuwa najiona kama niko katikati ya ndoto ya mtu mwingine, na kazi yangu ni kutomwamsha.

Utaratibu wetu ulikuwa huo huo kila mwaka. Viongozi wanaingia, wanaweka mkuki na ngao kwenye mnara, mzee wa mila anaweka upinde na mshale, yanafuata mashada ya maua. Shehe anaomba, padre anaomba, mchungaji anaomba. Kisha afisa anasoma majina ya vijana wa kwetu waliokufa vitani. Majina yakiisha, askari anapiga baragumu, watu wanasimama kimya dakika moja, baragumu inalia tena.

Mwaka wangu wa kwanza kushika mashine, kimya kilipoanza nilizima amplifaya. Niliona nimetumia akili. Dakika ilipokwisha nikaiwasha, nayo ikatoa mshindo, tuu! Yule mzee mwenye medali alianguka kifudifudi akaziba masikio, kama mtu aliyefundishwa kufanya hivyo na hajasahau. Uwanja mzima ukaganda. Baadaye akanyanyuka, akajipangusa magoti, akamwambia mkuu wa mkoa, "Nipo salama, mheshimiwa." Watu wakacheka kwa upendo. Mimi sikucheka.

Mzee Shabani hakunigombeza. Wakati wa kukunja waya alisema tu, "Gaudensi, mashine usiizime. Ishushe taratibu mpaka chini, uiache inapumua. Halafu sikiliza, maana kazi yako inaendelea."

Basi nikajifunza kusikiliza. Dakika ile ni ndefu, vijana. Kwanza unasikia watu, kikohozi, kiatu kwenye kokoto, mtoto anayenyamazishwa. Halafu watu wanakwisha. Unasikia kamba ya bendera inagonga mlingoti, ti, ti, ti. Unasikia kunguru, mnyororo wa baiskeli mtaa wa pili, jogoo mbali sana huko juu kwenye mashamba ya mboga. Mwisho unasikia kitu ambacho sijui jina lake, kama ukungu wenyewe unapita kwenye majani. Nilizoea kufikiri kwamba wale waliotajwa wanakuja kwa njia hiyo.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Kila mwaka majina yakisomwa, sauti ilikuwa inashuka mahali pamoja. Jina la kumi hivi, Benedikti Lukasi. Majina yote yanatoka vizuri, likifika hilo linazama, halafu linalofuata linapanda tena. Nilidhani ni kitufe cha sauti kimeingia vumbi. Nikakifungua, nikakisafisha kwa spiriti. Mwaka uliofuata, vile vile. Nikabadilisha kitufe kizima. Vile vile. Mwaka uliofuata sikutazama mashine, nilitazama mkono wa Mzee Shabani. Wakati wa majina alikuwa hakubali mtu mwingine ashike. Jina la Benedikti Lukasi lilipokaribia, kidole chake kiligeuza kitufe kidogo tu, kama mtu anayepunguza utambi wa taa, kisha kikarudisha.

"Mzee, kwa nini unampunguza yule?"

"Yupi?" akasema, akainama kutafuta waya ambao haukupotea.

Jambo la pili lilikuwa mama mmoja aliyekuja kila mwaka. Alikuwa anashuka kutoka Matombo, juu milimani, analala kwa ndugu yake mjini ili awahi. Mfupi, mgongo umepinda kwa jembe, rozari shingoni, kanga mbili safi. Masikio yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo alikuwa anasimama karibu na nguzo ya spika yetu, hatua chache kutoka kwenye mashine. Na kila alipofika, Mzee Shabani alikuwa ana shughuli nyuma ya gari mpaka majina yaanze. Nilimpelekea kiti miaka mingi, akakikataa miaka mingi.

Mwaka mmoja, watu walipotawanyika, aliniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye hii sauti?"

"Mimi na mzee wangu, mama."

"Basi mbona haimtaji mwanangu?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, kwa lafudhi ile ya milimani inayonyanyua mwisho wa neno. Mwanawe aliitwa Kasiani Pius. Aliingia jeshini kijana mdogo, akaenda vita vya Kagera, hakurudi. Askari mmoja wa Mkuyuni, aliyekuwa kikosi kingine na aliyemjua Kasiani kwa sura tangu utoto, ndiye aliyemletea habari kwamba amemwona ameanguka. Barua hakupata. Kaburi hakuonyeshwa. "Kila mwaka nakuja nasikiliza," akasema. "Nasema labda mwaka huu watamkumbuka. Nikishasikia jina lake nitakaa nyumbani, miguu imechoka."

Nilimwahidi. Ni rahisi kuahidi ukiwa umesimama. Jumatatu nikamwomba afisa orodha, nikaipitisha kidole kutoka juu hadi chini mara tatu. Kasiani Pius hayumo.

Wiki hiyo tulikuwa na matangazo Mkuyuni. Njiani nikamweleza Mzee Shabani habari za yule mama na za orodha. Nilikuwa nazungumza nikitazama barabara. Nilipomaliza akageukia dirishani. Tukavuka daraja, tukapanda kilima.

"Simamisha gari," akasema.

Nikasimamisha. Nilidhani anataka kutapika.

"Kasiani Pius yumo kwenye orodha. Wanamsoma kila mwaka. Wanamwita Benedikti Lukasi." Akavua kofia, akaiweka magotini. "Na Benedikti Lukasi ni mimi, Gaudensi."

Nikazima injini.

Alinieleza pale pale, magari yanapita, wauza ndizi wanatupungia. Ujana wake alikuwa Mkristo wa huko huko milimani, kijiji cha ng'ambo ya bonde kutoka kwa akina Kasiani. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na mjomba. Yeye na Kasiani walijuana kwa kubeba ndizi kwenda gulioni. Kasiani alikuwa na nguvu za watu wawili, na jeshi ndilo alilolitaka tangu akiwa mtoto, lakini shule aliiacha njiani na jeshini walitaka cheti cha darasa la saba. Benedikti alikuwa na cheti na hakuwa na haja ya jeshi.

"Nikampa," akasema. "Nilimpa kama unavyomwazima mwenzako shati la kwendea harusini. Tukacheka sana siku hiyo. Aliandika anuani ya duka moja la hapa mjini nilikokuwa natumwa, ili barua zije kwangu. Ikaja moja tu. Inasema Benedikti Lukasi amefariki akilitetea taifa. Niliisoma nimesimama pale dukani, na soda mkononi."

"Ukaipeleka kwa mama yake?"

"Niliificha. Niliogopa jela. Tumedanganya serikali, mwenzangu amekufa kwa jina langu, mimi niko hai nakunywa soda. Halafu nikaoa hapa mjini, nikasilimu, nikaitwa Shabani. Watu walisema ni kwa ajili ya mke. Mke nilimpenda kweli. Lakini hata bila yeye, lile jina nisingeweza kulibeba tena. Lilikuwa limeshazikwa."

"Mzee, yule mama anasimama hatua tatu kutoka kwako!"

"Nne," akasema. "Nimezihesabu."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wake wa kazi, na sitayaandika hapa. Hakujitetea. Alisema hofu ya jela ilimwisha zamani, iliyobaki ni ya uso wa yule mama. Akaniomba nisimwambie, atamwambia mwenyewe. Tulifanya kazi miezi mingi tukizungumza habari za betri na waya tu. Gari lilikuwa kubwa ghafla, kama kuna mtu wa tatu kati yetu.

Mwezi wa saba ukafika. Ukungu mwaka ule ulikuwa mzito, sijauona tena wa namna ile. Nguzo za spika zilikuwa zimekatika juu, honi zinaelea zenyewe hewani. Mama akaja, akasimama mahali pake. Majina yalipokaribia kuanza, Mzee Shabani alinikabidhi kitambaa chake cheupe.

"Leo shika wewe," akasema.

Akatoka nyuma ya mashine. Nilimhesabia hatua. Nne kweli. Akasimama ubavuni kwa yule mama, wote wawili wakitazama mbele.

Afisa akaanza kusoma. Niliweka vidole kwenye kitufe. Lilipokaribia lile jina, sikulishusha. Nilipandisha sauti, si sana, kiasi cha masikio ya mtu mmoja mzee.

"Benedikti Lukasi."

Majina machache yaliyobaki yakiendelea kusomwa, Mzee Shabani akainama kwenye sikio la mama. Sikusikia alichosema. Baadaye aliniambia maneno yenyewe: "Mama, huyo waliyemtaja ndiye Kasiani wako. Aliingia jeshini kwa cheti changu. Benedikti ni mimi." Mama akageuza uso akamtazama. Akafungua mdomo.

Hapo baragumu ikalia, na kimya kikaanza.

Vijana, nimesema dakika ile ni ndefu. Ile ya mwaka ule haikuwa na mwisho. Mama alikuwa na mdomo wazi na neno lake ndani, na watu mia kadhaa wamesimama wima, viongozi, askari, wanafunzi, hakuna anayetikisika. Angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Alifunga mdomo polepole, akashika nguzo ya spika kwa mkono mmoja, akatazama mbele. Mzee Shabani alisimama kama mtu anayesubiri kupigwa risasi. Kamba ya bendera iligonga, ti, ti, ti. Ukungu ulipita kati yao na mimi, nikawapoteza, nikawaona tena. Nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, yule mama alikuwa anamkumbuka mwanawe pamoja na watu wengine wote.

Baragumu ikalia tena. Kina mama wa kwaya wakaanza kuimba. Mama akageuka.

"Miaka yote hii?" akasema. "Anatajwa, nami nimesimama simjui?"

"Miaka yote, mama."

Hakumpiga, hakumlaani. Alimsogeza pembeni kwa kiganja, kama unavyosogeza pazia, akaja mezani kwangu. Akakaa chini kwenye nyasi akangoja. Viongozi wakaondoka, watu wakapungua, askari wakaanza kupakia viti kwenye lori. Ndipo akaniambia, "Mwanangu, nifungulie hiyo sauti."

Nilijua hairuhusiwi. Nikakuna maiki kwa kucha, nikampa.

Hakutoa hotuba. Aliita. Aliita kama wanavyoita kina mama kule juu, mtu yuko shamba upande wa pili wa bonde na chakula kimeiva, jina linavutwa mpaka linafika.

"Kasiaaani! Weee, Kasiaaani!"

Sauti ikatoka kwenye honi zote, ikapita juu ya mabati ya mji, ikaingia kwenye ukungu upande wa milima. Askari waliokuwa na viti mikononi wakasimama navyo hivyo hivyo. Muuza karanga akasimama. Wanafunzi waliokuwa wanakimbizana langoni wakasimama. Hakuna aliyetoa amri, wala baragumu haikulia. Sijui tulikaa vile muda gani, kwa sababu mara hiyo moja katika kazi yangu nilisahau kutazama saa.

Mama akanirudishia maiki. Akafunga kanga yake, akaondoka. Mzee Shabani alikuwa bado kwenye nguzo. Mama alipita mbele yake bila kumtazama.

Kesho yake Mzee Shabani alivaa kanzu safi akaenda kwa afisa kusema yote. Aliaga nyumbani kama mtu anayekwenda gerezani. Afisa alikuwa mtu mzima, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kubadilisha kumbukumbu za jeshi ni safari ndefu na ataianzisha, lakini karatasi ya kusomea uwanjani anaiandika yeye. Mwaka uliofuata akasoma: "Benedikti Lukasi, ambaye kwao ni Kasiani Pius." Mama hakuwepo. Nilirekodi kwenye simu nimpelekee. Yeye mwenyewe alisema akishalisikia atakaa nyumbani, na akakaa.

Mzee Shabani alikuwa amestaafu wakati huo. Nilipomwambia napanda Matombo kupeleka ile sauti, alisema, "Nakwenda na wewe. Akinifukuza nitarudi kwa miguu."

Tulimkuta anachambua maharage barazani. Nilimwamkia, akanikaribisha. Mzee Shabani alibaki uani, kofia mkononi. Nikamwekea mama simu sikioni. Akasikiliza mara moja, akaniashiria nirudie, akasikiliza tena amefumba macho. Halafu akanirudishia simu na kuendelea kuchambua maharage. Alichambua sinia zima. Mzee Shabani alikuwa amesimama juani wakati wote huo, na mimi sikujua nimwambie akae au tuondoke.

Mwisho mama aliingia jikoni. Akatoka na ugali, maharage na mboga za majani, akaviweka mkekani. Akaleta birika la maji na beseni, akaviweka kando. Akakaa.

"Benedikti," akaita, bila kuinua macho. "Nawa mikono ule, chakula kinapoa."

Yule mzee hakusogea. Nadhani alikuwa anangoja mtu mwingine aitike. Hakuna aliyewahi kumwita jina lile tangu ujana wake, lilikuwa la kusomwa uwanjani tu, kati ya wafu, kwa sauti ya chini. Halafu akavua viatu, akapanda barazani.

"Naam, mama," akasema.